Mahali Maji Yalipoishia

Thamesmead, London
9 Mei 2004

Kwako yaya Adolphe, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na mama na wote wa nyumbani Uvira. Mguu wa mama umepata nafuu? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia tangu barua yako ifike. Unasema mwalimu Linus amemposa Miradie, mke wa Fortunat wetu, na wazee wamekataa kwa kuwa hakuna ajuaye kama kaka yetu yuko hai. Unataka niandike tena, kinaganaga, jinsi nilivyopotezana naye ufukoni Kigoma mwaka ule wa tisini na sita, tulipokimbia vita kwa boti. Nimechelewa kukujibu, na usinikasirikie kwanza.

Bado nasafisha ofisi kwenye barabara iitwayo Strand. Mlinzi wa mlangoni ni Hemant, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mzee wa maneno kwelikweli. Kiswahili changu cha Kongo kinamchekesha mpaka anafuta miwani. Asubuhi moja nilimwuliza Strand maana yake nini. Akaweka chai chini, akasema ni neno la Kiingereza cha kale, na watu wa kaskazini walikuwa nalo pia. Maana yake ni ukingo, mahali nchi inapoishia na maji yanapoanza. Alisema zamani Mto Thames ulifika karibu kabisa na hapo, mpaka watu walipojenga ukuta na kujaza udongo. Maji yakaenda zake, jina likabaki.

Basi tangu siku ile, yaya, natembea kama mtu anayeota. Napiga deki naona sakafu inacheza chini ya miguu yangu. Mabasi mekundu yanapita polepole mahali ambapo labda samaki walipita. Juzi nilisimama na ndoo mkononi hadi Hemant akadhani naumwa. Nikamwuliza kama neno lile lina maana nyingine. Akasema ndiyo, meli iliyotupwa ukingoni ikashindwa kurudi majini husemwa kwa neno hilohilo, na baadaye hata mtu aliyeachwa njiani, hawezi kwenda wala kurudi. Nikamwaza Miradie. Nikakaa kwenye ngazi nikalia, mtu mzima mimi, na Hemant maskini akabaki kunishikia ndoo.

Desturi yetu naijua. Aliyechukuliwa na ziwa hakaliwi matanga mpaka mwili upatikane, au aje mtu aliyeona kwa macho yake. Katika boti ile, mtu wa kwetu aliyebaki wa kuulizwa ni mimi peke yangu. Nami niliwaandikia kwamba tulifika pamoja, akaenda kunitafutia maji ya kunywa, umati ukatutenganisha.

Yaya, nilidanganya. Fortunat hakufika Kigoma. Boti iliingia maji tukiwa bado mbali, wanaume wakashuka, wakajishikilia ubavuni ili sisi wanawake tubaki ndani. Nilimshika mkono muda mrefu. Kisha mkono wangu ukachoka, nikauachia. Nilimwona akizama. Hakuniita, aliniangalia tu. Niliona aibu na woga, nikasema kesho nitaandika ukweli, na kesho hiyo imekuwa miaka minane.

Wasomee wote barua hii, Miradie akiwepo. Aliyeona ni mimi. Kaeni matanga, mlie, mmalize, kisha mwalimu Linus apewe jibu lake. Mama akikataa kulisikia jina langu, usimlazimishe.

Nisalimie watoto wako na majirani wote. Kwa wifi yangu Miradie sithubutu kutuma salamu. Mwambie tu kwamba siku ile Fortunat alivaa ile sweta ya kijani aliyomfumia. Nilimsihi aivue kabla hajaingia majini, akakataa.

Ni mimi mdogo wako,
Sidonie