Begi la Jean-de-Dieu Limerudi

Vickery Meadow, Dallas
Machi 2019

Dada Bernadette,

Pokea salamu zangu na za watoto. Miguu ya mama inaendeleaje? Na wewe, kifua kimepoa? Sisi afya tunayo, amani hatuna. Najua hapa unatafuta jibu moja tu, kama kaka yetu Jean-de-Dieu amepatikana kule kwenye theluji. Nisome taratibu, dada, maana kwenye simu nilishindwa.

Huyu kaka yako alikuwa na wazimu! Mrundi mzima, anaishi Texas kwenye joto hili, moyo wake uko kwenye barafu. Yote yalianzia ghala la Lewisville, alikokuwa akipakia vifaa vya michezo. Wenzake walimpeleka mara moja milima ya Kolorado, akarudi hana habari nyingine. Tena si kule kwenye mashine za kupandisha watu, la hasha. Wao hupanda wenyewe porini, wamevaa mbao za kutelezea zilizobandikwa ngozi chini zisirudi nyuma, wakifika juu wanabandua na kuteremka. Nilimwambia kutembea porini na mzigo mgongoni tulishatembea kwa kukimbia vita, anatafuta nini tena. Akacheka tu.

Sebule yangu ikawa stoo. Viatu alivijaribu mpaka nikachoka, akisema kikikubana mlimani hakuna wa kukubeba. Zile ngozi alizianika mbali na hita, gundi isiharibike, na ole wake mtoto azisogeze. Nta ya kupaka mbao aliiyeyusha kwa pasi yangu, blauzi yangu ya kwaya ikaharibika. Nilimgombeza! Koleo na fimbo ya kudungia theluji, kumtafuta aliyefukiwa, alivipanga juu kwenye begi, pa kufikia haraka. Halafu kuna kidude, kidogo kama simu, kinachovaliwa kifuani kikiwa kimewashwa, ili mtu akifukiwa wenzake wajue alipo.

Jumamosi ile theluji iliporomoka, ikafukia wawili. Rafiki yake wa ghalani, Florent, alifukuliwa hai kwa sababu kidude chake kiliita. Cha Jean-de-Dieu hakikuita popote. Waokoaji walileta mbwa, wakadunga theluji kwa fimbo, wapi. Juzi walinipigia kusema wamesimamisha, mlima bado unaporomoka, watasubiri theluji iyeyuke. Dada, mama asiendelee kumwekea chakula. Kaka amekufa, na hata mwili hatuna wa kuzika.

Jana Florent aliniletea begi lake, lilikutwa juu ya theluji. Nililifungua mwenyewe. Kidude kilikuwa ndani, kimeviringishwa kwenye soksi, na betri zake pembeni, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Florent anasema walisimama kula mahali tambarare, lazima ni hapo alipokivua. Amekulia hukuhuku, haelewi kwa nini mtu atoe betri. Mimi naelewa, na wewe unaelewa. Pale kambini, redio ikizimwa, nani alitutuma tutoe betri tuzifunge kwenye plastiki, zisiishe bure? Nani alituchapa tukisahau?

Habari ya kifo mwambie mama kwa mdomo wako. Hiyo ya betri ibaki kwetu wawili, nakusihi. Mimi sala zimenikauka, niombeeni nyinyi.

Wasalimie majirani wote, na mama kabla ya wote. Akikuomba umsomee barua, mwambie nimeandika salamu tu.

Mdogo wako,
Annick