Hapo Tu, Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Kaunti ya Homa Bay. Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, saa tatu na dakika tano asubuhi.

Jina: Risper Adoyo Ogweno. Umri: miaka 44. Kazi: kuendesha baiskeli nyuma ya wageni wa safari; zamani mchuuzi wa omena (dagaa wa ziwani). Makao: karibu na soko la Ndhiwa.

Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa sababu Cliff Odoyo yuko ndani tangu jana jioni kwa jambo nililolifanya mimi, na yeye hajalisema.

Cliff ni mtoto wa marehemu dada yangu. Kazi yake ni kutembeza watu kwa baiskeli siku tatu: Kehancha hadi Migori, Migori hadi Ndhiwa, halafu Ndhiwa hadi Homa Bay kwa barabara ya ziwa. Wageni wenyewe ni Wakenya tu, watu wa ofisi na wastaafu wanaotaka hewa safi. Cliff hukaa mbele, mimi nyuma. Kazi yangu ni moja, kuhakikisha hakuna mtu anabaki nyuma yangu. Naijua njia ile kwa sababu nilibeba omena hapo kwa baiskeli miaka kumi na moja, na goti langu la kulia liliishia huko huko.

Safari hii wageni walikuwa tisa. Mkubwa wao ni mwalimu Machuki, miaka 68, aliyefundisha jiografia huko Kisii mpaka akastaafu. Hakuwa mtu wa malalamiko. Kule Kehancha alisimama katikati ya mashamba ya tumbaku akaanza kutueleza udongo, mpaka Cliff akamwambia, "Mwalimu, kengele imelia." Alicheka sana. Kwenye usukani alikuwa na kale kamashine ka kuhesabu kilomita. Siku hiyo hiyo ya kwanza tulivuka kijito, kakaingia maji, kakafa. Tangu hapo akawa anategemea midomo ya watu.

Mnamo tarehe 8 Agosti, siku ya Ijumaa, tuliondoka Ndhiwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kazi. Kufikia saa nne mwalimu alikuwa wa mwisho, na mimi nyuma yake. Alikuwa anakanyaga, anapumzika, anakanyaga.

Saa tano na dakika ishirini tulifika pale njia panda kwenye duka la mabati, ambapo barabara ya murram, isiyo na lami, inashuka ziwani. Cliff alikuwa anatungoja hapo. Wale wengine nane walishatangulia. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwalimu, "Kutoka hapa ni kilomita ishirini na tatu na hakuna kivuli. Nimekuitia pikipiki. Kupanda si aibu." Akampa chupa mbili za maji. Mwalimu alikuwa amejimwagia maji kichwani, anahema, na sidhani alishika zile hesabu. Mimi Cliff alinivuta pembeni akaniambia, "Anti, mzee apande. Usimwachie achague." Kisha akafuata wale wengine, kwa sababu hao nao hawakuwa na mtu. Afande, hilo liandike vizuri. Cliff hakumtelekeza mtu.

Pikipiki ilifika saa tano na dakika thelathini na tano. Mwenye nayo anaitwa Jeremiah, anaegesha pale pale njia panda, mwite aulizwe. Jeremiah alisema atambeba mzee peke yake. Baiskeli ile ni ya bei, hataki lawama ikikwaruzwa.

Mwalimu alinigeukia akauliza, "Risper, bado ni mbali?"

Nikamwambia, "Hapo tu, mwalimu. Ukimaliza hiki kilima unaona ziwa."

Akamwambia Jeremiah, "Basi kijana wangu, rudi. Siwezi kumaliza safari ya siku tatu nimebebwa kama gunia." Jeremiah akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akawasha pikipiki akaenda zake.

Afande ameniuliza kwa nini nilisema hivyo na kilomita nilizijua. Nitajibu. Kwetu mtu aliyechoka akikuuliza njia humtajii kilomita. Unamwambia hapo tu, au kwa Kijaluo, machiegni. Si uongo wa kumdhuru mtu, ni kumtia nguvu. Mimi mwenyewe na omena zangu niliambiwa hapo tu miaka kumi na moja, na kila siku nilifika. Nikiulizwa, maneno hunitoka hivyo kabla sijafikiri.

Lakini siku hiyo nilifikiri. Kama mzee angepanda pikipiki, baiskeli yake ningebaki nayo mimi. Kilomita ishirini na tatu naendesha yangu kwa mkono mmoja na kukokota yake kwa mkono wa pili, na goti hili. Nilikuwa nimechoka, afande. Nilikuwa nimechoka tangu Migori. Ile "hapo tu" niliyosema, nusu ilikuwa yake na nusu ilikuwa yangu. Hili sijamwambia mtu, hata Cliff.

Ziwa tuliliona kweli. Asiyeijua barabara ile huwa anafikiri amefika. Ziwa linaingia nchi kavu kama vidole, na barabara inafuata kila kidole, inaingia ndani mpaka mwisho na kutoka tena. Mji unauona ng'ambo, mabati yanang'aa, unadhani ukiita mtu ataitika. Unazunguka nusu saa, unatokea, na mji uko pale pale ulipouacha.

Kwenye kidole cha kwanza mwalimu alimuuliza mama mmoja aliyekuwa anafua nguo. Mama akasema, "Hapo tu, baba." Kwenye cha pili alimuuliza mchunga ng'ombe, naye akasema machiegni na kuonyesha kwa mdomo. Mwalimu akashukuru kila mmoja. Maji yake yalikwisha, nikampa yangu. Kwenye kidole cha tatu kulikuwa na mama anayeuza nyanya kando ya barabara. Nilidhani atasimama amuulize. Alipita bila kumtazama. Hapo ndipo niliogopa.

Saa saba na dakika kumi na tano alishuka kwenye baiskeli. Aliilaza polepole kwenye nyasi, akavua helmeti, akaketi. Uso ulikuwa mkavu, hata jasho halikuwepo. Akaniambia, "Risper, wewe umebeba samaki njia hii. Sasa niambie kama mtu mzima mwenzako. Zimebaki kilomita ngapi?"

Nikasema, "Kumi na mbili."

Akasema, "Asante. Ungeniambia kule juu."

Hakusema kwa hasira. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema vile mwalimu anavyomrudishia mtoto daftari, kisha akaanguka ubavu. Nilimwita, hakuitika. Woi, nilipiga kelele mpaka yule mama wa nyanya akaja mbio na kitenge chake, tukamkinga jua, tukamlowesha kwa maji ya ziwa. Simu haikuwa na mtandao. Nilipanda mwinuko nikampata Cliff saa saba na dakika ishirini na mbili. Alifika na gari la kukodi saa nane kasoro dakika tano. Alimbeba mwalimu mgongoni mwake kutoka nyasini hadi garini, na hakuniuliza chochote mpaka tulipofika hospitali.

Huko hospitali aliniuliza, "Anti, pikipiki haikuja?" Nikamwambia ilikuja. Akasema, "Wewe nenda nyumbani, ulaze hilo goti. Mkubwa wa safari ni mimi." Nami nikaenda. Nililala nyumbani siku mbili, naona aibu kusema hivyo. Jana Momanyi, mtoto wa mwalimu, aliripoti kwamba babake aliachwa barabarani bila usafiri, na Cliff akakubali lawama yote. Simlaumu Momanyi. Hata mimi ningeripoti.

Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nilipitia wodini. Mwalimu bado hajafumbua macho. Mkewe, mama Damaris, alikuwa kando ya kitanda na viatu vya mzee ameviweka mapajani. Niliomba anisikilize, nikamweleza yote, mpaka ile habari ya goti. Nilimweleza na maneno aliyosema mzee kabla ya kuanguka, kwa sababu ni yake kuyajua. Nilingoja anitukane. Halafu akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi. Nilitoka pale nikilia barabara nzima, na watu wakinitazama.

Nisichotaka ni Cliff afungwe kwa mdomo wangu. Kama kuna wa kuingia ndani, huyo ni mimi, nguo za kubadilisha ninazo kwenye mfuko huu.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimeyatoa kwa hiari yangu, nimesomewa, hakuna la kupunguza.

Sahihi: R. A. Ogweno

Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Sainab Hussein, kwa Kiswahili, na kusomwa kwa shahidi, naye akathibitisha kuwa ni sahihi. Yamemalizika saa nne na dakika arobaini asubuhi. Nimeagiza mwenye pikipiki aitwe. Shahidi hajazuiliwa, ameambiwa anaweza kwenda nyumbani lakini amekataa kuondoka. Ameuliza Cliff Odoyo atatoka baada ya muda gani. Nilikuwa karibu kumjibu vile tunavyowajibu wote kwenye kaunta, "Sasa hivi tu, mama." Nimemwambia sijui. Ameshukuru, na ameketi kwenye benchi kungoja.