Meza ya Mninga Iliyoniumiza Macho

Jumamosi, baada ya alasiri. Mtoni leo hakuna upepo hata wa kuazima. Bati linatema moto, feni inazunguka kwa kusuasua kama imelazimishwa, na mie nimechoka. Nimechoshwa na macho yangu. Nimechoshwa na kila anayenishauri juu ya macho yangu. Na zaidi nimechoshwa na mke wangu Mwanaidi, yuko jikoni na mwiko, ananihesabia dakika.

Kila dakika ishirini anagonga sufuria. Akigonga, niache kuandika, nitazame mbali dirishani, kwenye mnara wa simu upande wa barabara ya Kilwa, mpaka agonge tena. Amri ya daktari. Mtu mzima, wajukuu saba, naitwa kwa sufuria kama kuku wa pumba.

Nianze mwanzo, maana wapo wanaosoma hapa hawanijui.

Mie ni fundi seremala wa Keko, mwaka wa arobaini na mbili huu niko kwenye benchi. Shule niliishia darasa la nne, na kusoma kwenyewe nimekumalizia kwenye vibao vya maduka. Lakini jicho Mungu alinipa. Ubao nikiuinua usawa wa shavu, nikafumba jicho la kushoto, nakwambia umepinda wapi na umepinda kiasi gani, wewe bado unatafuta rula. Watu walikuwaga wanatoka Sinza na mbao zao wamekodi kigari cha kirikuu, waje tu niwapigie jicho. Jina langu ni Salumu, ila Keko ukiulizia Salumu utazunguka mpaka jua lizame. Ulizia Jicho.

Hilo jina ndilo linataka kunitoka, na ndiyo maana naandika.

Siku hizi mteja haji na maneno, anakuja na picha kwenye simu. Anataka kitanda kama kile cha kwenye picha, ila kichwa kiwe kama cha picha nyingine, na droo kama za picha ya tatu. Binti yangu Rehema ni karani, ofisini kwao walikuwa wanaondoa kompyuta za zamani, akaniletea moja. Akanifundisha kuchora kitanda humo ndani, ukakizungusha, mteja akakiona mpaka mgongoni kabla sijagusa msumeno. Miezi mitatu nikawa nimeijua. Kwa kidole kimoja. Nitajie fundi wa umri wangu Keko anayeweza hilo. Humjui, hata mie simjui. Ukurasa huu pia alinifungulia Rehema, na herufi zikikaa upande huwa ananinyooshea. Maneno ni yangu.

Basi kompyuta ikataka meza.

Nikaitengeneza mwenyewe, mninga mtupu, bila msumari hata mmoja. Urefu wa kwenda juu futi tatu na inchi moja, sawasawa na benchi langu la kazi, kwa sababu meza ya kazi ni meza ya kazi. Juu nikaipiga vanishi mara sita. Inang'aa, unaweza kunyolea ndevu pale. Nikaiweka mbele ya dirisha ili wapita njia waione.

Rehema alipoiona aliniambia, kwa adabu, kwamba meza za kompyuta huwa fupi kuliko ile. Nikamuuliza nani kati yetu ni fundi. Akaniambia basi nitafute stuli ndefu. Nikamwambia stuli ndefu ni za baa, na mie baa sijaingia tangu nizaliwe. Nikavuta kiti cha kawaida cha sebuleni, nikakaa.

Kwa hiyo miezi minane nimekaa nimeinua kidevu, macho nimeyatoa, kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi. Siku za kuchora siendi Keko, ni toka asubuhi mpaka alasiri. Na lile jua la dirishani linagonga vanishi yangu, linanirudia usoni.

Nilianza kuhisi mchanga machoni. Nikasema vumbi la mbao. Kichwa kikawa kinauma juu ya nyusi. Nikasema joto. Herufi zikawa zinajigawa, moja inakuwa mbili. Nikasema kompyuta ni ya zamani.

Anagonga.

Haya, nimetazama mnara. Upo palepale, haujahama. Naendelea.

Jumatatu iliyopita nilikuwa kiwandani kwetu Keko, nikachagua ubao wa ubavu wa kitanda. Nikauinua, nikafumba jicho, nikaupiga. Nikasema umenyooka, leteni mwenzake. Watu wanne wapo. Wa benchi la jirani ni Mkude, Mluguru mmoja, tumefanya kazi ubavu kwa ubavu tangu wote tuna nywele nyeusi. Mkude akausogelea ule ubao, akauchungulia, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Kaka, huu umepinda."

Nikamwambia akanawe uso. Alichukua rula ndefu ya chuma, akailaza juu ya ubao, na mwanga ukapita katikati. Kijiti cha kibiriti kingepita pale bila kugusa.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua la kuwajibu.

Jumanne asubuhi nikakuta juu ya benchi langu kipande cha msasa, kipya, kimekunjwa vizuri mara mbili.

Asiye wa Keko hataelewa, ngoja nieleze. Fundi akipotewa na jicho hafukuzwi. Tunaheshimiana. Anawekewa msasa bila kuambiwa neno, naye anajua. Anavuta kigoda anakaa mlangoni, anasugua vitu walivyotengeneza wengine, na anasalimia wateja. Nimewaona wazee watatu wakikaa mlangoni. Wa kwanza alikuwa aliyenifundisha kazi. Alikaa pale miaka miwili na wateja walikuwa wanamwuliza, mzee, fundi yuko ndani?

Nikautia ule msasa mfukoni, nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu, ila Mwanaidi alinitazama mara moja tu akampigia Rehema simu.

Jumatano Rehema akaomba ruhusa kazini, akanipeleka kwa daktari wa macho. Nilikwenda nikijua nitaambiwa ni mtoto wa jicho, nikatwe, nilazwe, na nilishaandaa hotuba ya kukataa. Daktari ni binti, umri wa Rehema. Akaniamkia vizuri, akanimulika, akanisomesha herufi, akanitazama kwa mashine yake. Kisha akasema jicho halina ugonjwa. Hata miwani yangu ya kusomea haina kosa. Macho yamechoka na yamekauka, basi.

Wewe ungefurahi. Mie nilikasirika. Ugonjwa ni kudra, hauna aibu. Kuchoka ni kwamba umejifanyia mwenyewe.

Akaniuliza kama huwa napepesa macho nikiwa kwenye kompyuta.

"Fundi hapepesi," nikamwambia. "Ukipepesa, msumeno unakula kidole."

Akacheka mpaka akaweka tochi chini. "Baba, kompyuta haina meno. Pepesa."

Halafu akanieleza kwamba kioo cha kompyuta kinatakiwa kiwe mbali nami kiasi cha mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, kwa sababu ukitazama juu jicho linabaki wazi lote na kukauka haraka. Mwanga wa dirisha usipige kioo wala usirudi usoni. Na kila dakika ishirini nitazame kitu cha mbali. Akanipa na chupa ya matone. Mie niliyezika wazazi wote wawili bila kuonekana na chozi, sasa natiwa machozi ya chupa na Mwanaidi kila baada ya sala.

Mwisho akauliza meza yangu ina urefu gani. Nikamtajia, kwa kujidai. Rehema akatazama ukutani.

"Nani alikutengenezea hiyo, baba?"

Nikachukua chupa yangu ya matone, nikaaga.

Anagonga tena. Nilijua tu, nimefika penyewe ndiyo anagonga.

Haya. Penyewe ni hivi. Alhamisi na Ijumaa nilikataa. Rehema alisema meza ikatwe miguu, nikamwambia atafute baba mwingine. Katika miaka yote hii kitu kikishatoka mikononi mwangu hakirudi kwenye msumeno. Kinachorudi kimeharibika, na aliyekiharibu ni fundi. Nilikuwa nalisema hilo kila siku kiwandani, kwa sauti, watu wasikie. Na Mkude alilisikia kuliko wote. Zamani mteja alimrudishia meza ya chakula, ndefu mno, akaikata miguu mbele yetu. Nikamwita Fundi Mkaa, kwamba anatengeneza kuni za watu. Jina likamganda mwaka mzima. Mkewe alikuwa anaulizwa sokoni, shemeji, gunia lipo? Mie nikicheka.

Kwa hiyo ukikata mguu wa meza yangu, unanikata wapi? Mwenyewe unajua.

Ila jana jioni nilitia mkono mfukoni natafuta funguo nikaushika ule msasa. Nikamkumbuka mwalimu wangu pale mlangoni, na yule mteja anauliza fundi yuko ndani.

Leo asubuhi nikaipindua meza, nikachukua penseli. Inchi saba kila mguu. Nikapiga alama mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikapima upya kuhakikisha, zikaja tofauti. Nikafuta, nikarudia, na mstari mmoja nikawa nauona miwili, sijui ni upi niliouchora. Jasho linatiririka. Mwanaidi kasimama mlangoni na mwiko wake. Ukikosea hapo, mninga umekwisha, na meza itacheza maisha yake yote.

Nikampigia Mkude simu. Nikamwambia njoo na pima maji yako.

Alikuja ndani ya saa moja. Akamsalimia Mwanaidi, akanywa maji, akaingia sebuleni akaiona meza imelala miguu juu na alama za penseli zilizofutwafutwa. Nikasubiri. Nilishajua atakalosema, maana ningekuwa yeye ningelisema tangu getini.

Mkude akavua kofia, akachuchumaa. Akaipapasa ile miunganiko isiyo na msumari, mmoja baada ya mwingine, taratibu. Halafu akaniuliza:

"Kaka, nishike msumeno au nishike mguu?"

"Shika mguu," nikamwambia. "Atakayekata ni mimi."

Akachora yeye mistari, nikakata mimi. Mara nne. Mninga ukikatwa unanukia, nyumba nzima ilinukia. Tukaisimamisha, akaweka pima yake juu, povu likakaa katikati kabisa. Nikatoa ule msasa mfukoni, nikaanza kusugua vanishi yangu mng'ao uondoke. Mkude akauona msasa, akakohoa, akageukia dirisha kama kuna mtu kamwita.

Basi nikajua ni nani aliyeuweka.

Sikumuuliza. Mwingine asingeweka msasa, angenisema pembeni, nikachekwa mwaka mzima. Nikaendelea kusugua. Baada ya muda akachukua kipande chake naye akaanza upande wa pili, tukakutana katikati. Ubao ukabaki umefifia, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga bila mafuta. Meza nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, nimeivua nguo kwa mkono wangu. Tukaigeuza, dirisha likawa ubavuni.

Wakati wa kuondoka Mkude akaviokota vile vipande vinne vya miguu, akavifuta vumbi, akampelekea Mwanaidi jikoni kwa mikono miwili.

"Shemeji, pokea mkaa."

Nikacheka wa kwanza. Bora nicheke mwenyewe, maana Jumatatu Keko nzima itacheka.

Sasa naandika kwenye meza hiyohiyo. Kioo nakitazama kwa chini kidogo kama ninavyomtazamaga mtu anayeniomba punguzo. Shingo imetulia. Macho bado yanawasha, daktari alisema nisitegemee muujiza, yatataka siku nyingi. Napepesa. Najihisi mjinga, lakini napepesa.

Ule ubao wa Jumatatu niliwaambia wasiutumie. Umeegemezwa ukutani, nyuma ya benchi langu. Nikifika kiwandani nitauinua mbele yao wote wanne, nitafumba jicho la kushoto, nitasema umepinda wapi na kwa kiasi gani, kisha Mkude alaze rula yake.

Na nikikosea? Kigoda cha mlangoni kinanisubiri, na msasa wenyewe tayari nimeutumia nusu.

Kabla ya kukikalia nitarudi kwa yule binti daktari, safari hii na hotuba ya kulalamika. Ila sitakosea. Sidhani.

Anagonga. Haya mama, nimesikia, natazama mnara.