Wavu Mmoja Tiwi

Tumu, soma hii kabla Madam Judy hajakupigia simu na uongo wake.

Leo alituchukua mimi na dereva Sanga, tukaenda Tiwi kukagua ile nyumba ya ufukweni ya matembezi yetu ya ofisi. Mchanga safi, kivuli tele. Niliridhika mpaka nilipoingia jikoni.

Mpishi alikuwa anachoma mbavu za nguruwe za wageni wengine. Nikamwuliza, "Kaka, mbuzi wetu atachomewa wapi?"

"Hapa hapa, dada. Wavu ni huu mmoja."

Nikamwambia Madam tutafute kwengine, nusu ya ofisi ni Waislamu. Unajua alinijibu nini? "Jemima, wewe nyamaza tu. Hawatajua."

Hawatajua! Tumu, hawatajua! Wewe ndiye huyo asiyejua! Wewe, Mselem, na mzee Ishak, ambaye kila Ramadhani humletea huyo huyo Judy futari mpaka mezani kwake.

Nikamwambia mbele ya mpishi, "Futari ya watu unakula, halafu wataka kuwalisha haramu? Huna haya hata kidogo!" Sanga akajifanya anatazama bahari.

Sasa ananitaka kesho nisimame mbele ya wafanyakazi wote nimwombe radhi, la sivyo mkataba wangu hausainiwi tena.

Nitasimama, wallahi, ingawa mimi ni Mkristo. Nitawaeleza alichosema, neno kwa neno, naye akiwa amekaa pale pale.

Radhi simwombi.