Baba Mkwe Amebadilisha Difu ya Nyuma, na ya Mbele Je?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba mapema, kwa sababu Jumamosi familia nzima tunapanda mlima na tela, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba gari halitafika.

Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ni seremala, na baba yake, ambaye tunaishi naye tangu mama mkwe atutoke, alitengeneza malori miaka thelathini na miwili mpaka alipostaafu. Gari letu ni kuukuu, la kuvuta kwa magurudumu manne, na mwaka huu tamaa ikanishika nikalivisha matairi makubwa, nikijidai ni kwa ajili ya matope, kumbe nilipenda tu linavyosimama, na kweli likapendeza, ila likawa zito kuondoka kama ng'ombe aliyeshiba, na likifungwa tela la madawati ya mke wangu basi hata mwinuko mdogo wa pale sokoni napanda na gia ya kwanza huku waenda kwa miguu wananipita na kunipungia mkono. Baba mkwe alitazama siku mbili tatu, akasema, "Mwanangu, tairi limekua lakini meno ya difu ni yale yale. Injini inaonewa. Lete meno mengine, nitafunga mwenyewe." Difu, nimeambiwa, ni lile tumbo la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu.

Mshauri, mzee huyu alikuwa hasemi. Alikuwa anakaa kwenye benchi la karakana ya binti yake anatazama maranda yakianguka, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa, kwa hiyo niliposikia maneno yale nikaagiza meno upesi kabla hajabadili nia, muuza vipuri akaniuliza kwenye simu, "Boksi moja au mawili?" nikaona huyu anataka kuniuzia duka zima, nikasema moja, na boksi lilipofika mzee akaligeuzageuza akauliza, "Ndilo hili tu?" nikamwambia ndilo hilo Baba, yote yamo, basi akaingia uvunguni siku tatu, grisi mpaka kwenye nyusi, na anaimba, Mshauri, anaimba! Gari likawa tamu, tela linafuata lenyewe, majirani wakaitwa waje wasikilize injini. Mke wangu akaniambia jikoni, "Umenirudishia baba yangu," nami nikajiona mwanamume kweli kweli.

Jumatatu nikalijaribu kwenye uwanja mgumu nyuma ya karakana, nikaweka fowili, ile gia ya kufanya magurudumu yote manne yavute, lo! Gari likaguna, likarukaruka, usukani ukawa mgumu kama umekamatwa na mtu, nikazima. Nikampigia muuza vipuri, akacheka mpaka akakohoa. "Si nilikuuliza? Difu ziko mbili, ya mbele na ya nyuma, na lazima meno yalingane. Ukilazimisha utavunja gia." Sasa njia ya shule inayosubiri madawati ni mlima wa mawe na matope, haupandiki bila fowili, na mzee ameshatangaza kwamba ataendesha yeye, binti yangu wa miaka sita pembeni yake. Fundi wa miaka thelathini na miwili amekosea, nitamwambiaje bila kumrudisha kwenye lile benchi? Nimewaza kulipeleka gari kwa fundi mwingine kwa siri, nimewaza hata kujifanya naumwa.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Hofu.

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe Mwenye Hofu, pole. Tena hongera kwa kuzima gari ulipolisikia linaguna, wengine wangezidi kukanyaga mafuta. Nyumba ambayo mkwe anakosa raha kwa kuogopa mzee ataacha kuimba ni nyumba njema. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mzee amekosea. Muuzaji alipouliza boksi moja au mawili, nani alijibu moja? Mzee alipouliza ndilo hili tu, nani alijibu yote yamo? Si wewe, baba? Yeye kazoea malori yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hata hivyo machale yakamcheza, akauliza. Na wewe usiyejua difu wala dafu ukamhakikishia! Sasa umejaza karatasi nzima kumwonea huruma kwa kosa lako mwenyewe. Mteja akikuletea kitambaa cha mguu mmoja na kuapa kwamba kinatosha, suruali ikitoka na mguu mmoja utakubali uitwe fundi mbovu?

Fundi wa siri, usithubutu. Mzee ataingia uvunguni siku moja, na kwa nati ya kwanza tu atajua kuna mkono usio wake. Hapo ndipo utakapomvunja moyo. Na ugonjwa wa uongo ndio umenikasirisha kabisa: wewe utabaki kitandani umejifunika shuka, na gari litaondoka na mtoto wako ndani. Hivi uliisoma hiyo sentensi kabla ya kuituma?

Leo hii, kabla ya chakula, nenda kamwambie. Usimtegee agundue mwenyewe, yule si mtoto. Ukishasema, chukua chaki yako ya kuchorea nguo mkahesabu pamoja. Zuieni gari kwa mawe, gia iwe huru, inueni tairi moja la nyuma kwa jeki na lenzake libaki chini. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti, ule mti wa chuma unaoingia kwenye difu, zungusha tairi mara mbili, mzee ahesabu shafti imezunguka mara ngapi. Kisha mfanye hivyo hivyo mbele. Nyuma atapata karibu tano, mbele nne na kidogo, na hatahitaji maelezo yako. Mkono wa fowili ufunge kwa uzi mwekundu, asiuguse mtu. Agiza boksi la pili, meno yalingane na ya kwanza, na safari hii ukiulizwa swali na anayejua, jibu "sijui". Mkeo umweleze yote, naye aiombe shule wiki moja zaidi. Akifoka, ustahimili, umejitakia.

Halafu hebu fikiri vizuri, mwanangu. Unaogopa kumnyang'anya mzee furaha, kumbe umebakiza kazi nzima ya siku tatu ambayo hakuna mwingine pale nyumbani anayeiweza. Mkute kwenye benchi umwambie, "Baba, niliagiza boksi moja, kosa ni langu. Difu ya mbele bado. Utanifungia?" Kisha mshikie tochi, na akianza kuimba, usiongee.