Mende Ndani ya Kadi ya Pili

Gatwekera, Kibera
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Nereah,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hapo Ndhiwa mko wazima, na kwamba mama mkwe wako ameanza kupata usingizi tangu mlipomzika mzee wake. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ningekata katikati.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema unaona aibu kuolewa na mzembe aliyefukuzwa kazi akarudi na mkoba mmoja, na unamshukuru Mungu kwamba angalau mimi ndugu yako najua kazi. Niliusoma nikashindwa kumaliza chakula. Ngoja nikueleze hiyo kazi yetu, maana najua mumeo Phanuel hajakueleza.

Mtambo wetu wa intaneti uko Kawangware 56, katika chumba tulichokodi kwa mzee Kagiri nyuma ya bucha. Ndani yake mna kadi mbili. Moja inaelekeza mawasiliano ya wateja wote, wa kule na wa huku Kibera. Ya pili inakaa macho tu ikinakili kila njia, ili ya kwanza ikifa ishike kazi papo hapo, mteja asijue kumetokea kitu. Kila Ijumaa ile ya kwanza huchomolewa kwa makusudi, mtu anatazama ya pili ikishika, kisha anatia sahihi kwenye daftari. Ni dakika tano tu. Hiyo ilikuwa kazi ya Phanuel.

Lakini chumba chenyewe, dada, ni uchafu mtupu. Maji ya damu hupenya chini ya ukuta wa bucha, na mende wamehamia kabati la mtambo kufuata joto. Ukifungua tu wanakupanda mkononi. Wangoi, anayeuza chapati pale nje, alituambia, "Hiyo kabati yenu inanuka, aki. Mnaingizaje mkono huko?" Tukimlalamikia Kagiri, anajibu kwamba mende si wapangaji wake, sasa atawapaje notisi. Nilimchukia mzee huyo na chumba chake. Phanuel alikuwa akifunga mfuko wa plastiki mkononi na kuendelea na kazi.

Jumanne moja saa nne asubuhi kadi ya kwanza iliungua. Ya pili haikushika. Tulipoichomoa ilikuwa imejaa mende waliokauka na mayai yao, na harufu ile mpaka leo haijanitoka puani. Kuanzia Kawangware mpaka mtaa wa Raila huku Kibera watu walikaa siku mbili bila mtandao. Bosi wetu Wakarima alikuja kutoka mjini, akafungua daftari, akaona Ijumaa tatu zimetiwa sahihi ya Phanuel kwamba kadi ni nzima. Akamwita mwongo mbele ya watu wote na kumfukuza. Phanuel alinitazama, akatazama chini, akaokota mkoba wake.

Sasa Nereah, zihesabu hizo Ijumaa tatu. Phanuel alikuwa huko na wewe, akimzika baba yake. Bosi alimpa siku nne, matanga yakavuta wiki tatu bila bosi kujua, akaniomba nimshikie kazi. Nikakubali. Kisha nikaketi kwa Wangoi nikila chapati, nikaiga sahihi ya mumeo mara tatu bila kufungua lile kabati. Kinyaa tu ndicho kilichonizuia.

Siku ile nilimfuata mpaka stegi ya matatu kumuuliza kwa nini hakunitaja. Akaniambia, "We ni ndugu ya bibi yangu. Siwezi kukuvua nguo mbele ya watu." Halafu akaniuliza kama nimekula. Wakarima amenipa nafasi yake na ufunguo wa chumba, nami nikaupokea na kusema asante. Najitia kichefuchefu kuliko kitu chochote kilichomo kwenye lile kabati.

Kesho asubuhi nampelekea Wakarima ufunguo huo na kumwambia ukweli. Mimi ni mwoga, najijua, ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza. Ukisikia wiki ijayo kwamba bado niko kazini, msomee mama mkwe wako barua hii kwa sauti, na majirani wakiwepo.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Phanuel usimsalimie. Wewe mwombe msamaha kwanza, wangu nitauleta mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Opondo