Mbwa Uliyemfundisha

Brice mwanangu,

Amani ya Bwana ikukute huko ndani, na mimi aniongezee, maana yangu imepungua.

Hapa Rexdale baridi bado haijatuachia. Kwaya wamenirudisha sauti ya pili. Kaka yako Léonard bado yuko kwenye lile ghala la Malton, lakini tangu tulipokuja kukuona hagusi chakula changu, hata sombe, mboga anayoipenda. Ati ameshiba.

Sasa, huyo mbwa wako. Unajua mimi na mbwa hatupatani, ila siku ile nilikusikiliza vizuri. Ulisema hapo gerezani mnawafundisha wakasaidie wagonjwa wa hofu. Mtu moyo ukimwenda mbio, wako humwendea akamwekea kichwa mapajani, hata kama mtu mwenyewe anacheka. Ulijisifu kwamba hajawahi kukosea.

Ndipo nikataja ajali. Nilisema tu kwamba mama wa marehemu huwa naonana naye kwenye basi la Kipling. Mbwa akainuka. Akakupita wewe, uliyekiri mahakamani kwamba ndiwe uliyeshika usukani. Akanipita na mimi. Akaenda kumwekea Léonard kichwa mapajani. Léonard akamsukuma, mbwa akarudi palepale. Nawe ukavuta kamba upesi, ukaanza habari za mpira.

Mimi si mtoto, Brice.

Jumapili nakuja tena na Léonard, hata kwa kumburuta. Nitaitaja ile ajali upya, polepole. Usithubutu kuja bila huyo mbwa.

Ni mimi, mama yenu nyote wawili,
Médiatrice